Silene ya pinki ya kwenye miamba ya Potomac, inapandwaje nyumbani? Naomba msaada

mamaPendo_MD

Habarini wadau, poleni na majukumu. Naomba nieleze vizuri maana nimetafuta sana na majibu mengi ninayopata yanaongelea bustani za Uingereza, na huku hali ya hewa ni nyingine kabisa.

Nakaa Maryland, Montgomery County. Mwisho wa mwezi wa nne tulienda na watoto kutembea kwenye njia ya Billy Goat Trail kando ya mto Potomac, karibu na Great Falls. Pale juu ya miamba nikaona kimmea kimeota kwenye ufa wa jiwe, jiwe tupu wala si shambani, majani yamelala chini yamejipanga duara na maua ya pinki yamejaa mpaka majani hayaonekani. Kimo hata shubiri haifiki. Ua lina petali tano, kila petali ndani ni nyembamba halafu inapanuka kwenda nje, na ukishika kile kifuko chini ya ua kinanata kabisa, mdudu mdogo alikuwa amenasa hapo. Nikauliza nikaambiwa wenyeji wanaiita wild pink, jina la kitaalamu Silene caroliniana, na eti ni ukoo mmoja na kaneshini.

Nimelipenda mno jamani. Nyuma ya nyumba nina mteremko unaotazama mashariki, udongo wake mwekundu wa mfinyanzi, mvua ikinyesha unaganda kwenye viatu, jua likikaza unapasuka. Nyasi zenyewe hazitaki kuota pale. Nataka nijaze huo mmea. Sasa naomba kujua, naweza kwenda kuchimba mche mmoja tu kule mtoni nikauotesha? Na huu udongo wangu niufanyeje, maana mama mkwe wangu yupo hapa kututembelea kutoka Moshi, anasema tuchimbe mashimo tujaze samadi kama ya migomba na ndani ya mwaka mmoja itakuwa imesambaa. Mimi nasita, kitu kilichoota kwenye jiwe kweli kinataka samadi?

---

kijani_kibichi

Dada usichimbe hata mmoja. Eneo lile ni hifadhi ya taifa ya C&O Canal, kung'oa mmea ni kosa la sheria ya shirikisho. Na hata kama isingekuwa sheria, ule mmea una mzizi mkuu mmoja mrefu umezama ndani ya ufa, ukivuta unakatika na hapo umeua wa mtoni na wa kwako hautashika. Kuna majimbo wameuweka kwenye orodha ya mimea adimu kwa hiyo tuwe na huruma nao. Miche ipo kwenye vitalu vinavyouza mimea ya asili, springi wanaleta.

---

bustani_asilia

Mama Pendo karibu sana, na hongera kwa kuuona ukiwa umechanua, maana maua yake yanakaa wiki tatu nne tu, katikati ya Aprili mpaka Mei, ukichelewa unakuta majani peke yake.

Mimi nipo Virginia ng'ambo tu ya mto kutoka kwako na huu mmea nimeishi nao kwa miaka, ngoja nikueleze kwa urefu kidogo. Shikamoo nyingi kwa mama mkwe, mwambie samadi aiweke kwenye mboga. Swali lako la mwisho limeshajijibu lenyewe. Kule umeuona kwenye jiwe kwa sababu hapo maji hayasimami. Mvua inapiga, inateremka, shingo ya mmea inakauka saa hiyo hiyo. Huu mmea kinachouua si baridi, unahimili winta ya huku bila wasiwasi, unapandwa mpaka New England, majimbo ya kaskazini mashariki yenye baridi kali. Kinachouua ni maji yaliyotuama kwenye shingo, pale mzizi unapokutana na majani, hasa winta udongo ukiwa baridi na umelowa wiki baada ya wiki. Unaoza hapo shingoni. Wewe kwa juu unaona majani bado kijani kwa sababu hayapukutiki winta, unadhani mzima, mwezi wa tatu ukigusa unatoka mkononi hauna mzizi.

Na samadi inafanya mambo mawili mabaya. Kwanza inashika maji. Pili inanenepesha, mmea unatoa majani mengi laini marefu, vishina vinalala chini, maua machache, na ule unene ndio kuvu wanaupenda. Huu ni mmea wa udongo maskini, ukiulisha unaufupishia maisha ambayo tayari si marefu.

Sasa huo mfinyanzi wako. Watu watakwambia changanya mchanga ndani yake. Usifanye hivyo, mfinyanzi na mchanga kidogo vikikauka vinakuwa kama tofali, na shimo ulilochimba ndani ya mfinyanzi linageuka bakuli, maji yote ya mteremko yanakuja kukaa humo na mmea wako umekaa katikati. Badala ya kuchimba wewe panda juu. Chukua mawe, panga kituta kando ya mteremko, kiinuke sentimita 20 mpaka 30 hivi, ujaze mchanganyiko wa udongo wa kawaida fungu moja, mchanga mkubwa wa ujenzi fungu moja (ule laini wa kuchezea watoto haufai unaziba), na kokoto ndogo fungu moja. Hakuna mboji hakuna mbolea hakuna kitu kingine. Mteremko wenyewe ni bahati yako, wenye uwanja bapa ndio wanahangaika.

Kupanda sasa. Toa mche kwenye chungu, kama udongo wa kitalu ni ule mweusi mwepesi wa majani yaliyooza utikise utoke kiasi, usiubakize wote umeshika mzizi maana huo nao ni sponji. Weka mche shingo ikiwa juu kidogo ya usawa wa kituta, halafu zungushia kokoto kavu chini ya majani unene wa vidole viwili hivi ili majani yalalie mawe yasilalie udongo. Usiweke yale magome ya kusagwa ambayo kila nyumba huku wanamwaga, yanaweka unyevu palepale usipoutaka. Mwaka wa kwanza mwagilia ukiona wiki nzima hakuna mvua, chimba kidole kwanza, pakiwa pabichi acha. Mwaka wa pili na kuendelea uache na mvua za Mungu.

Jua la asubuhi kama lako ni zuri sana, saa nane za mchana za mwezi wa saba huku kwetu zinauchosha, kivuli chepesi mchana utafurahi. Vuli majani ya mialoni yakidondoka uyaondoe juu yake kwa mkono, yakikaa yamelowa mpaka springi yanauozesha.

---

Naivasha_zamani

Nimesoma hii nikafurahi, ni ukoo wa maua yangu kabisa. Mimi nilifanya kazi Naivasha kwa shamba la maua, section ya kaneshini, hii ni kabla waridi zichukue kila mahali. Vijana wa sasa wakisikia Naivasha wanajua rozi tu, lakini kaneshini ndiyo ilifungua hiyo njia miaka ya 70.

Hiyo maneno ya shingo kuoza ni ya ukweli. Kwetu kaneshini tulikuwa tunapanda kwa matuta yaliyoinuliwa na supervisor alikuwa anapita na kidole, anaangalia kama umezika shingo ya mche. Ukizika unaitwa unaambiwa utoe yote upande tena. Mche unasimama karibu uanguke, unashikiliwa na neti, na hivyo ndivyo inatakiwa. Adui yetu mkubwa alikuwa kuvu wa Fusarium, ile inaingia na mizizi inaziba mishipa ya maji, unaona tawi moja limegeuka rangi ya majani makavu na lingine bado kijani, ukipasua shina ndani kuna mstari wa kahawia. Ikiingia kwa kitanda hakuna dawa ya kuokoa, unang'oa unachoma.

Lakini hapo kwa mbolea lazima niseme, kaneshini ya shamba inalishwa kila siku na maji ya dripu, inakula sana, kwa hiyo nisingesema ukoo mzima hautaki chakula. Ile ilifugwa kwa karne nyingi itoe ua kubwa la shina refu. Hii yenu ya mwituni haijafugwa. Swali langu, inaweza kukatwa ikawekwa kwa vase?

---

bustani_asilia

@Naivasha_zamani asante mzee wangu, hiyo ya kupima shingo kwa kidole naichukua. Umesema sawa, ya kufugwa na ya mwituni hazilishwi sahani moja. Vase hapana, shina lake ni fupi sana na ua lina upana wa sentimita mbili na nusu hivi tu, ukilikata linanyauka mapema. Harufu pia ni kidogo sana, haina ile harufu ya karafuu ya kaneshini. Huu unafurahiwa ukiwa ardhini.

---

nyota_ya_Ohio

Naongezea jambo moja muhimu mama Pendo kabla hujanunua. Huu mmea uko wa namna tatu. Uliouona wewe Potomac ni ule wa pensylvanica, ndio wa huko kwenu, unapenda udongo wenye asidi. Kuna caroliniana wenyewe wa kule chini majimbo ya Carolina. Halafu kuna wherryi, umepewa jina la Edgar Wherry aliyekuwa bingwa wa mimea Pennsylvania, huo ni wa huku kwetu Ohio na Kentucky mpaka Alabama, na wenyewe unavumilia udongo wa chokaa. Vitalu vingi vinauza wherryi, kuna aina moja inaitwa Short and Sweet ndiyo imejaa sokoni. Si mbaya hata kidogo, ila kama unataka ule wa mto wako uliza kabla ya kulipa.

Njia ya kuwatofautisha bila kitabu ni kidole. Shika kile kifuko cha kijani kinachobeba ua. Pensylvanica vinywele vyake vina matone ya gundi kwenye ncha, ukikiangalia na lenzi unaona vinang'aa kama umande, na ndio maana ulikuta mdudu amenasa. Mmea haumli yule mdudu, unazuia tu wadudu wadogo watambaao wasipande kuiba asali ya ua bila kubeba chavua. Wherryi una vinywele pia lakini havinati.

Na jihadhari na pakiti za mbegu za bei rahisi zimeandikwa maua ya mwituni. Ndani mara nyingi kuna Dianthus deltoides, ile ya Ulaya. Nayo ni fupi, nayo ni ya pinki, ni ukoo uleule, lakini si mwenyeji wa huku na sehemu nyingine imeshatoka bustanini imeingia porini. Ukitaka kujua angalia ukingo wa petali, dianthus una meno meno, majani yake ni membamba kama nyasi. Kisha angalia katikati ya ua, dianthus una viuzi viwili vya kike, silene yetu ina vitatu. Ukihesabu vitatu tulia.

---

mamaPendo_MD

Jamani asanteni, sikutegemea. Mama mkwe nimemsomea yote, amesikiliza, akasema basi hilo ua ni kama lile la kule juu mlimani linaloota kwenye mawe. Amekubali samadi iende kwenye sukuma wiki. Mume wangu ameshaanza kusogeza mawe.

Kitalu kimoja nimepiga simu wanayo pensylvanica kweli lakini miche michache na bei si mchezo, nitanunua kidogo. Sasa naomba mnifundishe kuzalisha mwenyewe, kwa mbegu au kwa vikonyo, kipi kinashika? Na kingine, rafiki yangu kanitumia picha ya ua la hivi, katikati palipotakiwa kuwa na chavua ya njano pana vumbi jeusi la zambarau kama masizi. Ni aina nyingine au ni ugonjwa?

---

baridi_tupu

Nawasalimu kutoka Norway kaskazini. Huku tuna ndugu yake Silene acaulis, wenyewe huku wanaiita fjellsmelle, imejikunja kama mto wa kulalia wa kijani juu ya mawe halafu inatoa maua ya pinki juu ya huo mto, inaanza kuchanua upande wa kusini kwanza kwa sababu ndio unapata jua. Inaishi miaka mingi mno, kuna mito yenye umri zaidi ya karne. Nayo ukiileta bondeni ukaipa udongo mzuri inaota majani inanyima maua, au inaoza. Kokoto tu. Mama mkwe hajakosea, hata milima ya kwetu Afrika Mashariki ina silene, Silene burchellii ipo juu huko, na kwenye kivuli cha migomba na kahawa kuna Drymaria cordata, lile gugu la kutambaa linalonasa kwenye nguo, nalo ni ukoo huu huu.

---

bustani_asilia

Mama Pendo twende na mbegu kwanza maana ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote kwa huu mmea.

Maua yakiisha usikate yote. Kile kifuko kitavimba, kitageuka kutoka kijani kuwa rangi ya majani makavu, mwezi wa sita hivi. Chungulia kila siku mbili. Siku kimeiva ncha yake inafunguka meno sita yanapinda nje, ndani kuna mbegu ndogo za kahawia nyeusi zimelala kama kwenye kikombe. Ukichelewa upepo ukatikisa zimemwagika. Pindua kifuko juu ya bahasha ya karatasi, gonga kidogo. Nailoni hapana, zinavuja jasho zinaota ukungu. Na baadhi ya vifuko viache vimwage vyenyewe, maana mmea mmoja mara nyingi hauishi zaidi ya miaka michache, usipojipanda wenyewe utaukosa. Ndio sababu nyingine ya kokoto, mbegu ikidondoka kwenye kokoto inajificha inaota, ikidondoka kwenye magome haioti.

Mbegu zinataka baridi kabla ya kuota. Njia nyepesi ni kuzipanda mwezi wa kumi na moja kwenye chungu chenye mchanga na kokoto nyingi, usizifukie sana, nyunyizia mchanga mwembamba juu tu, weka nje ukutani na waya wa kuzuia kindi, uache winta ifanye kazi yake. Machi au Aprili utaona vijani viwili viwili. Asiyetaka kusubiri anachanganya mbegu na mchanga wenye unyevu kidogo, anaweka kwenye friji, si kwenye friza ya kugandisha, mwezi mmoja au zaidi kidogo, halafu anapanda ndani dirishani. Muhimu ni kuhamisha mche ukiwa bado mdogo, una majani manne sita hivi, kabla ule mzizi mkuu haujafika chini ya chungu ukaanza kujizungusha. Na ukishaupanda mahali pake basi, usiufikirie tena kuuhama. Kuchanua ni mwaka wa pili.

Vikonyo pia vinashika. Baada ya maua kuisha kuna vichipukizi vifupi vinatoka pembeni ya shingo, visivyo na ua. Chagua cha urefu wa kidole, kata kwa wembe safi karibu kabisa na shingo, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga mtupu wenye unyevu, funika chupa iliyokatwa juu, weka kivulini. Kila asubuhi fungua kipumue. Vingine vitaoza, ndiyo kawaida yake, kwa hiyo chukua vya akiba. Faida yake unapata rangi ile ile ya mama, maana mbegu zinaweza kukuletea pinki iliyokolea, hafifu, hata nyeupe.

Hilo vumbi jeusi ni ugonjwa, na ni vizuri umeuliza mapema. Ni kuvu anaitwa Microbotryum. Anaingia ndani ya mmea, anakaa kimya, ua linachanua vizuri tu na petali zake, lakini pale palipotakiwa kuwa na chavua anajaza mbegu zake mwenyewe. Nyuki au kipepeo anatua akidhani anachukua chavua, anabeba lile vumbi anakwenda kulimwaga kwenye ua la jirani mzima. Mmea mgonjwa haufi haraka na mara nyingi haufanyi mbegu tena, kila mwaka unasambaza tu. Kukata ua haitoshi maana yuko mpaka kwenye shingo. Mwambie rafiki yako ang'oe wote asubuhi kabla nyuki hawajaamka, atie kwenye mfuko, afunge, atupe kwenye taka si kwenye mboji. Na ukienda kununua miche ambayo imechanua chungulia ua kwanza.

---

Naivasha_zamani

Na akishang'oa aoshe mikono na mkasi kabla ashike mimea mingine. Sisi tulikuwa na maji ya dawa kwa kila mlango wa greenhouse, viatu na vyombo vyote vinapita hapo.

---

kijani_kibichi

Kwa hapo kwenye kituta usiache silene peke yake dada, ikishachanua panabaki patupu kidogo. Pale pale mtoni inaishi na Aquilegia canadensis ile yenye maua mekundu na njano yaliyoinama, zinachanua pamoja na zote zinapenda mawe. Ila aquilegia iwe nyuma, ikikua inatia kivuli. Mmea wowote wa kutambaa kwa nguvu usiweke karibu, silene haijui kugombania nafasi.

---

mamaPendo_MD

Aquilegia naijua, na iliwepo kweli pale. La mwisho kabisa wadau halafu niwaache mpumzike, huku nyuma sungura wamejaa, wanaila?

---

nyota_ya_Ohio

Wanaila mama, hasa winta kwa sababu ndiyo inabaki kijani wakati kila kitu kimekauka. Wakila majani tu bila kufika shingo itachipua tena. Nunua waya ule wa matundu madogo wa mabanda ya kuku, kunja kama kikapu ufunike kila mche kuanzia mwezi wa kumi na moja, ubane na mawe, utoe Aprili vitumba vikianza kusimama. Na konokono wasio na gamba wanapenda miche michanga usiku wa mvua, kokoto inawapunguza ila pita na tochi uwaokote.